Ukuta wa Oktoba

Arne alipofariki, wanafunzi wake wa zamani tuliitwa tukutane pale alipopenda kufundishia, chini ya lile jengo la mbao tulilolisimamisha kwa mikono yetu upande wa Saint Paul, Minnesota, nyuma ya karakana ya chuo. Nilikwenda. Sikwenda kwa huzuni, nisimdanganyie marehemu; nilikwenda kutazama nguzo. Zimekuwa za kijivu sasa, na zimejipinda kidogo hapa na pale, kama alivyotuambia zitajipinda, na katika duka la mkono wa kushoto kuna kijana anauza kahawa. Kuta zilizo kati ya nguzo ni mbao za kiwandani zilizopakwa chokaa, safi kabisa, hazina hata ufa. Tulisimama na vikombe vya karatasi mikononi, watu wazima wenye vipara na magoti mabovu, na haukupita muda mmoja wetu akasema, "Mnaukumbuka ukuta wa udongo?" Wakacheka wote, kicheko cha watu wanaompenda mwalimu wao. "Lile ndilo lilikuwa somo lake bora kabisa," akasema mwingine, kisha akanigeukia mimi nithibitishe. Nilinywa kahawa yangu. Baadaye waliniomba niseme maneno machache, nikazungumzia viungo vya mbao, maana kwa upande wa viungo vya mbao sina ugomvi wowote na marehemu.

Mwaka wa ukuta nilikuwa naishi besimenti kwa Shangazi Bosibori, Inver Grove Heights, katika chumba chenye zulia la rangi ya chai na dirisha dogo lililokaa usawa wa nyasi, hivi kwamba theluji ikianguka nilikuwa naitazama kutoka chini. Shangazi alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Alirudi asubuhi, akavua viatu mlangoni, akaoga, kisha akasonga ugali, kwa hiyo chakula kikuu cha nyumba ile kililiwa asubuhi, ugali na sukuma na samaki wa kukaanga, wakati majirani wanapasha magari yao moto waende kazini. Yeye ndiye aliyenileta Marekani na yeye ndiye aliyelipa karo, na aliilipa akijua kwamba ningesomea uuguzi kama yeye, kama binamu zangu, kama nusu ya kanisa letu. Mimi nilikuwa nimechukua somo moja la usanifu wa majengo ili kujaza ratiba tu, halafu nikachukua la pili, halafu nikawa sina ratiba nyingine. Alipogundua hakupiga kelele. Shangazi hapigi kelele. Ana ile sauti ya kuwaambia watu wazima wafungue mdomo wameze dawa, nao wanameza. Alisema, "Maliza huu mwaka, Moraa. Then tutaongea." Nililala kila usiku nikijua tutaongea nini.

Bomba la hewa ya moto lilipanda kutoka chumbani kwangu hadi jikoni kwake, na lilileta maneno vizuri kuliko lilivyoleta joto. Ndiko nilikojifunza nafasi yangu katika nyumba ile. Siku za mapumziko Shangazi alitembelewa na Mama Furaha, mkimbizi kutoka Bukavu aliyekuwa anaishi mtaa wa Phillips na kuimba naye kwaya, na wawili hao wakiwa na chai mbele yao hawakumhurumia mtu. Asubuhi moja nilimsikia Mama Furaha akiuliza, "Na ule mutoto yako wa chini, anasomaka nini?" Shangazi akajibu, "Anajenga vibanda." "Vibanda?" "Vibanda vya wazungu wa kitambo. Maduka ya miti. Msichana mzima, brain iko sawa, anashinda akichonga mbao, na huku watu wana-look for nurses kila kona." "Labda atakujengea maison, nyumba ya kweli," akasema Mama Furaha. "Huyo? Hata kibanda cha kuku, kuku watakataa kuingia." Walicheka mpaka mmoja wao akapaliwa na chai. Nilikuwa nimekaa kitandani na patasi mkononi, nikiinoa, na niliendelea kuinoa. Naona leo kwamba maneno yale yalinisukuma kuliko sifa zozote nilizowahi kupewa, na bado sikushukuru.

Jengo lenyewe lilikuwa la aina waliyojenga Waingereza wa karne za nyuma katika miji yao midogo ya soko, kabla matofali hayajawa ya kila mtu: maduka mawili chini, vyumba vya kuishi juu, na mifupa yote ya mbao ikionekana kwa nje. Sisi tulijenga kipande chake tu, upana wa maduka mawili na ghorofa moja juu yake, lakini kwa ukubwa wake halisi na kwa njia yao. Hakuna msumari. Kila nguzo ya mwaloni ilichongwa ulimi, kila boriti ikatobolewa tundu, ulimi ukaingia tunduni, na kigingi cha mbao kikapigwa kuvipitia vyote viwili. Nguzo zilisimamishwa kichwa chini, upande wa mizizi ukiwa juu, kwa sababu huko ndiko mti ulikokuwa mnene na ndiko boriti nyingi zinakokutana. Ghorofa ilichomoza mbele kuliko duka, ikaning'inia juu ya njia, na kwenye pembe palikuwa na boriti nene iliyolala mshazari kubeba mchomozo wa pande mbili kwa pamoja. Nilitumia wiki nzima kuielewa na siku nitakayoisahau sitakuwa na akili tena. Kila kiungo kilikatwa alama yake kwa patasi, ili mbao zilizochongwa chini zijulikane mahali pake zikipanda juu. Mbao zilikuwa mbichi, zinatoa maji ukizipiga, kwa kuwa walijenga na mti ungali mbichi na kuuacha ukauke ukiwa tayari nyumba. Lakini kilichonikamata mimi ni duka. Dirisha lake lilikuwa pana, na ubao wake wa chini uliangushwa nje ukawa meza ya kuuzia, na ubao wa juu ukainuliwa ukawa kivuli. Mwenye duka alibaki ndani, mteja akabaki barabarani. Nilipouona mchoro nilicheka peke yangu darasani, kwa sababu lilikuwa duka la kwetu hasa, la kununulia sukari ya robo, ila limevaa mwaloni.

Arne alikuwa mpole. Nataka hilo lieleweke mapema, maana watu wakisikia kisa hiki humtafuta mtu mbaya na kuanza kumchorea pembe. Alituletea matufaha ya mti wake. Alitaka tumwite Arne, jina tupu, jambo ambalo Shangazi hakuliweza mpaka mwisho. Kufundisha kwake kulikuwa na kanuni moja: hakukukosoa ukiwa unakosea. Alikuacha umalize. Mimi nilichonga ulimi wa nguzo ya pembe kwa kipimo kisicho chake, nikauchonga siku baada ya siku, naye alipita kila asubuhi akanisalimu, akauangalia, akaniuliza kama nimelala vizuri. Siku ya kusimamisha fremu, mbele ya darasa zima na watu wa winchi, nguzo yangu haikuingia. Alitabasamu, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Sasa hutasahau kamwe." Nililia chooni, kisha nikatoka nikachonga nguzo nyingine, na kweli sijasahau. Nilimshukuru wakati ule. Nilidhani hiyo ndiyo heshima anayopewa mtu mwenye kipaji.

Fremu iliposimama zikabaki kuta. Kati ya nguzo na nguzo palitakiwa fito zilizosukwa, kisha udongo uliochanganywa na samadi na majani makavu, na darasani hakuna aliyewahi kufanya kazi hiyo, Arne akiwemo. Nikainua mkono nikasema kwamba kwetu Kisii nyumba nyingi zimejengwa hivyo, na kwamba shangazi yangu alikandika nyumba tangu akiwa msichana. Macho ya Arne yaling'aa. "Watu wako wanaweza kuja?" akaniuliza. Nilifikisha ujumbe asubuhi, Shangazi akigeuza samaki. "Nimetoka kwa matope nikapanda ndege," akasema, "ndio nikuje huku nishike matope ya mzungu?" Nikaacha. Lakini wiki ile ile alipita karakanani kuniletea koti nililosahau, akaziona fito za mierebi tulizokata kandokando ya Mississippi na jinsi wenzangu walivyozifunga. Alisimama hapo na sare yake ya kazi, akatikisa moja ikatoka. "Nani amefunga hii? Mbuzi?" Akaweka mkoba chini. Alifungua na kufunga upya ukuta mzima wa duka la kushoto, akiguna, bila kumtazama mtu, na Arne akasimama mbali kidogo akimtazama yeye. Alipomaliza alisema watakuja Jumapili, kwa sababu Jumamosi ni Sabato, na kwamba samadi iwe mbichi.

Ilikuwa Jumapili ya mwisho wa Oktoba, jua lipo lakini halina nguvu. Walikuja akina mama wa kanisa kwa magari yao, wengi wao wauguzi, na mmoja alikuwa amebeba boksi la glavu za bluu za kazini. Glavu zilitupwa mara moja, kwa sababu udongo haushikiki nazo. Arne aliuliza kama wangeweza kuukanyaga udongo miguu mitupu, kwa ajili ya picha, nao wakavua soksi, wakakanyaga udongo wa baridi wakiimba nyimbo za kwaya mpaka midomo ikawa ya kijivu. Halafu wakakandika. Wawili wawili, mmoja ndani ya duka na mwingine barabarani, kila mmoja na donge lake, wakahesabu na kupiga kwa pamoja ili madonge yakutane katikati ya fito na kushikana. Walipanda ngazi wakakandika na ghorofa. Mama Furaha alimwonyesha mwanafunzi mmoja mrefu namna ya kutupa, akamwambia, "Hapana kuogopa, monsieur, hii haina kuuma." Arne alimkaribia Shangazi akamuuliza, "Yote kwa siku moja? Pande zote mbili?" Shangazi akamjibu kwamba ukuta hauachwi nusu, watu wakishakusanyika unakandikwa mpaka umalizike, unene wa kiganja kizima, halafu watu wanakula. Ndivyo ilivyo kwetu, na sababu yake ni jua letu, ingawa siku ile hakuna kati yetu aliyeliwazia jua. Arne aliinua uso akaangalia anga, akavuta hewa puani, akasema, "Vizuri sana. Endeleeni."

Tulikula tumesimama chini ya mchomozo, chapati na kuku na wali wa Mama Furaha, vyombo vimepangwa kwenye ule ubao wa duka ulioangushwa kuwa meza. Mchungaji hakuwapo, kwa hiyo Shangazi ndiye aliyeuombea ukuta, usimame, uwafunike wote watakaopita chini yake. Arne aliinamisha kichwa pamoja nasi. Sijawahi kumwona Shangazi akiwa na furaha kama siku ile, na tope mpaka kwenye nyusi. Aliumega mguu wa kuku, akanielekezea mfupa, akasema mbele ya wote: "Sikiza. Huu ukuta ukisimama mpaka mvua za April, nitapigia baba yako simu mimi mwenyewe, nimwambie unasoma majumba, na nitalipa. Ukianguka, unavaa scrubs za uuguzi kama sisi wengine. Sawa?" Akina mama wakapiga vigelegele. "Sawa, Auntie," nikasema. Niliitazama kazi yao, laini, nene, imejaa alama za vidole, nikaona nimeshashinda.

Usiku ule maji yaliganda. Yakaendelea kuganda mpaka Machi, kama kawaida ya huku, na ukuta ukawa mgumu kama jiwe. Kwetu udongo ukikauka hupasuka, na nyufa zake ndizo zinazokuambia umebakiza kazi gani, kwa kuwa mkono wa pili wa udongo huja kuziba nyufa za wa kwanza. Basi Shangazi hakuuliza kama ukuta umekauka; aliuliza, kila asubuhi, akisonga ugali, "Umepasuka?" Nilimjibu haujapasuka hata kidogo. Akawa anapiga simu kwa akina mama kuwatangazia. Mwezi wa Januari alikuja mwenyewe, akaugonga ukuta kwa ufunguo wa gari, ukalia ngo, ngo, akacheka kwa sauti. "Hakuna hata ufa! Samadi ya Minnesota ni kiboko!" Arne alikuwa amesimama kando yetu na mikono mifukoni. "Mgumu sana," akakubali. Shangazi alimwambia kwamba baridi ikipungua watarudi na mkono wa pili, wa majivu na udongo laini, wa kuurembesha. Arne akasema angependa sana kuwepo siku hiyo, nimjulishe mapema.

Nami nilimweleza kila kitu. Nilikwenda ofisini kwake mwezi wa Februari kuhusu mchoro wa ngazi, nikajikuta namsimulia habari ya Shangazi, na uuguzi, na mfupa wa kuku. Alisikiliza huku anamenya chungwa. "Kwa hiyo ukuta ukisimama, unabaki na sisi," akasema. Nikasema ndiyo. "Na ukianguka?" Nikasema naondoka. Akaligawa chungwa, akanipa nusu, akasema shangazi yangu anaonekana mtu wa haki. Tulilila pamoja tukitazama dirishani, ambako theluji ilikuwa inaanguka juu ya paa la jengo letu. Nimelirudia chungwa lile kichwani mara nyingi kuliko nilivyourudia ukuta wenyewe.

Aprili ikaja na wiki moja ya joto la ghafla, maji yanatiririka kila mfereji. Shangazi alichagua Jumapili, nikamjulisha Arne kama alivyotaka, na Arne akaandikia darasa zima lije Jumapili hiyo na kamera. Tulipofika, akina mama na mabeseni yao ya majivu, tulikuta wenzangu wamejipanga nusu duara mbele ya maduka, kamera moja ikiwa imesimikwa kwenye miguu mitatu. Ukuta ulikuwa umebadilika rangi, unang'aa kama mtu anayetokwa jasho. Shangazi alipeleka mkono kuugusa, na vidole vyake vikazama. "Moraa," akaniita, sauti ndogo. Kabla sijafika, kipande cha ghorofa kilijichomoa chote kwa pamoja, kikapita mbele ya mchomozo na kuangukia njia kwa kishindo kizito cha majimaji. Mama Furaha akapiga kelele, "Mur inaanguka! Bosibori, inaanguka yote!" Wakakimbilia duka la kushoto, akina mama wote, wakauegemea ukuta kwa viganja, kwa mabega, kwa migongo, na udongo ukawa unateremka juu yao taratibu, ukiingia shingoni, ukifunika nguo za Jumapili. Nilisikia kamera zikilia. Mama Furaha aligeuza uso na kuuliza, "Banatupiga foto?" Arne aliwaomba kwa upole wasogee, ni hatari, wauache. Wakauacha, nao ukashuka hadi fito zikabaki tupu, zimefungwa vizuri mno.

Ndipo akafundisha. Alisimama kando ya lundo akaeleza kwamba udongo ule haukuwahi kukauka, kwamba uliganda ukiwa na maji yake yote usiku wa kwanza, na barafu ilipotanuka ndani yake ilivunja kila ulichoshika. Waingereza wa kale, akasema, walikandika kiangazi, kwa tabaka nyembamba. "Kile mlichokigonga mwezi wa Januari kilikuwa barafu," akamwambia Shangazi, akitabasamu, kana kwamba anampa zawadi. Shangazi alikuwa anajipangusa mikono kwa kitambaa cha beseni. Akamuuliza kwa Kiingereza chake safi cha kazini, "Ulijua?" "Tangu siku ile ile. Nilihisi baridi ikija." "Tulipokuwa tunaomba?" "Ndiyo." "Na ukala." "Chakula kilikuwa kitamu sana," akasema Arne, na alimaanisha. Kisha akaongeza kwamba ndiyo maana alitaka wajenzi wenyewe wawepo leo, kwa kuwa mjenzi ana haki ya kuona. "Thank you for telling me, Professor," akasema Shangazi, akaanza kukusanya mabeseni.

Tulivuka mto garini. Tope lilikuwa linakauka shingoni mwake na kupasuka. "Kesho utaenda kujiandikisha," akasema, nikajibu sawa, kwa sababu nilikuwa nimekubali mbele za watu. Lakini kesho yake Arne aliniita ofisini. Alisema nina mkono na jicho, kwamba amezungumza na wakubwa, nafasi ipo katika shahada ya usanifu na chuo kitanilipia, nikimsaidia kazi karakanani. "Umejifunza kuliko wote," akasema. Nilijua kabisa anayenipa ni nani. Nilitaka kumtemea mate na nilitaka nafasi ile, na niliitaka zaidi, nikaichukua. Simwombi mtu msamaha kwa hilo. Nilikuwa naipenda ile boriti ya mshazari kuliko nilivyowahi kumpenda mtu, na hakuna mwingine katika mji ule aliyekuwa tayari kunipa boriti.

Nilimwambia Shangazi asubuhi, mezani. Nikamweleza kwamba dau letu halikuwa la haki, kwa kuwa Arne alijua matokeo. "Agreement ilikuwa yangu na wewe," akasema. "Haikuwa yake." Nikajimiminia chai. "Kwa hiyo unaenda kwake." "Naenda kusoma, Auntie." "Kwa mtu aliyekula chapati zangu akijua." "Ndiyo." Alitafuna tonge lake mpaka likaisha. "Sawa," akasema, akaenda kulala. Nilishuka chini nikifurahi kwamba yamekwisha kwa urahisi hivyo.

Asubuhi iliyofuata nilikuta mezani pangu sahani ya kaure yenye maua, ile iliyokaa kabatini kwa ajili ya mchungaji, na kikombe juu ya kisahani chake, na kitambaa kilichokunjwa. "Karibu, mgeni," akasema Shangazi. Nilidhani ananitania. Nilipoinuka kuosha vyombo akanipokonya sahani mkononi, taratibu, kwa sauti ile ya dawa: "Hapana. Wageni hawaoshi." Binti yake Sheila, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akamwambia, "Mom, she lives here." "Anatembea tu," akajibu Shangazi. Mtu wa kwetu hahitaji kufafanuliwa kilichofuata. Mgeni hupewa kipande kikubwa cha samaki na huulizwa kama amelala vizuri. Mgeni haingii jikoni. Mgeni akiingia sebuleni, mazungumzo ya nyumba huhamia kwenye hali ya hewa. Sikuulizwa tena nimechelewa wapi, sikutumwa tena dukani mtaa wa Cedar-Riverside kununua unga, sikutukanwa tena; na kwenye lile bomba nilisikia vijiko tu, maana walijifunza kuzungumza sebuleni. Nilivumilia mpaka Juni, nikahama. Alinisindikiza mpaka mlangoni na kunishukuru kwa kuwatembelea.

Nimejenga mengi tangu hapo, maktaba, zahanati, maduka yenye nyumba juu yake, na kila ninapochora ghorofa inayochomoza huiweka ile boriti ya Arne akilini. Shangazi hajawahi kuingia hata katika jengo langu moja, na hajawahi kusema neno baya juu yangu kwa mtu. Siku ile ya kumkumbuka Arne niliwaacha wenzangu wakicheka chini ya mchomozo, nikaendesha mpaka Inver Grove Heights. Alinifungulia mwenyewe, amekonda, anatembea kwa kujishikilia kwenye kiunzi chake cha kutembelea. Nilimsihi akae, nijichemshie chai mwenyewe, akanionyesha kochi kwa kidole. Nilikaa nikimsikiliza akihangaika huko jikoni kwa muda mrefu, mpaka akaja na kikombe kinachogongana na kisahani chake. Nikamwambia Arne amefariki. "Nani?" akauliza. "Yule profesa, Auntie." Alishusha kikombe mbele yangu kwa mikono miwili, akakigeuza mpini uelekee upande wangu.

"Oh," akasema. "Poleni sana huko kwenu." Akanisogezea sukari.